Maji ya Rangi ya Chai

Mwaka 2023 mjukuu wangu anayesoma Dar es Salaam alikuja kwangu Mbeya kwa likizo, akiwa na bahasha kubwa ya kaki iliyojaa majani makavu. Nilidhani ni dawa ya kuchemsha. Kumbe yalikuwa majani ya mkungu, yale mapana yanayoanguka kando ya barabara za Pwani na kufagiliwa kila asubuhi. Alikuwa ameyaokota na kuyasuuza, na sasa alitaka kuyatia katika tangi la kioo aliloliweka sebuleni kwangu tangu likizo iliyotangulia. Humo anaishi samaki mmoja mwenye mapezi marefu kama kanga iliyoanikwa kwenye upepo.

"Usitie majani humo," nilimwambia, na nadhani sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia.

"Babu, hii ndiyo dawa yao. Huko kwao Thailand wanaishi kwenye maji yenye majani."

Nikanyamaza. Sikuwa na hoja ya kumpinga. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya miaka 49, nayo haikuwa ya kumsimulia mtoto akiwa na furaha yake. Naisimulia hapa.

Kwanza, msomaji, niruhusu nirudi nyuma, kwa kuwa mwalimu wa sayansi haachi mazoea yake hata akistaafu. Habari ya majani ndani ya tangi la samaki ni ya zamani sawa na tangi lenyewe. Mwanakemia wa London, Robert Warington, ndiye aliyeonyesha mwaka 1850 kwamba samaki wawili wanaweza kuishi ndani ya chombo cha lita zipatazo 50 bila kubadilishiwa maji kila mara, mradi waishi pamoja na mimea. Lakini jaribio lake lilitaka kuharibika mapema. Majani ya ile mimea yalipokufa yalioza na kuchafua maji. Warington akatia konokono wa majini, nao wakayala yale majani yaliyooza, mambo yakatengemaa. Miaka minne baadaye Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake kuhusu matangi hayo, na Waingereza wenye uwezo wakayaweka vyumbani kama tunavyoweka kabati la vyombo. Kwa hiyo tangu mwanzo jani lilikuwa adui wa tangi.

Lilikujaje basi kuwa rafiki? Kwa sababu ya samaki wa mito myeusi. Iko mito ambayo maji yake si machafu na wala si maangavu. Yana rangi ya chai ya rangi, kwa kuwa yamepita katika misitu yenye majani mengi yanayooza. Rio Negro ya Brazili, ambayo Alfred Russel Wallace aliisafiri kati ya 1850 na 1852, imepata jina lake kwa weusi huo. Jirani zetu wa Kongo wanalo Ziwa Mai-Ndombe, maana yake maji meusi, na mto Ruki ambao watafiti waliutangaza mwaka huohuo wa 2023 kuwa miongoni mwa mito myeusi kupita yote duniani. Maji hayo ni laini, hayana chumvichumvi nyingi, na yana asidi. Wafugaji wa Ulaya walipoanza kuletewa samaki wadogo wa Amazon, kama yule aitwaye neon aliyeandikwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1936, waliona kwamba hazai katika maji ya bomba ya miji yao. Wakatafuta namna ya kuyafanya maji yafanane na ya kwao, kwa mboji ya vinamasi na kwa majani makavu ya mwaloni. Wenzao wa Asia ya Kusini-Mashariki walikuwa na mkungu wao.

Sasa nije kwangu. Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana, umri miaka 24, katika chuo kimoja cha ualimu upande wa Iringa. Mwalimu wa kigeni aliyekuwa akifundisha biolojia alimaliza mkataba wake na kuniachia vitu viwili: tangi la kioo lenye fremu ya chuma, na daftari lake la maelezo. Desemba mwaka ule nilikwenda na wanachuo wachache mpaka Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, pale Milima ya Livingstone inapotumbukia majini. Yaliyoko chini ya mawe ya pale huwezi kuyaamini mpaka uyaone. Ni samaki wa buluu, wa manjano, wa milia, hata ukadhani mtu amewapaka rangi. Wenzetu wa Malawi huwaita mbuna. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, aliwakusanya samaki wa ziwa hili, na mwaka 1926 Ernst Ahl wa Berlin akampa mmoja wao jina la daktari huyo. Labda kijana wa Matema alimwita jina lingine miaka mia kabla ya hapo, lakini hakuulizwa.

Tulirudi na samaki tisa na madebe manne ya maji ya ziwa. Aliyewashika wale samaki, kwa utulivu ambao sikuwa nao mimi, ni mwanachuo mmoja mzaliwa wa Kyela, kijana mkimya aliyekulia mtumbwini. Sitamtaja jina. Nilimfanya msimamizi wa tangi.

Miezi miwili samaki walistawi. Watoto wa shule ya mazoezi walipanga foleni kuwaona. Maji yalipopungua au kuchafuka tuliyatoa kiasi na kujaza maji ya mvua yaliyokingwa chini ya paa la darasa. Kufikia Machi 1974 nadhani maji ya ziwa yaliyosalia mle hayakuzidi robo. Siku moja nikasoma katika daftari la yule mwalimu kwamba majani makavu huimarisha afya ya samaki na kuzuia ukungu. Mwaloni hatukuwa nao, wala mkungu. Tulikuwa na miwati.

Anayetoka Iringa au Njombe haniulizi miwati ni nini. Asili yake ni Australia, na Waingereza waliipanda kwa wingi Njombe kuanzia mwaka 1949, walipoanzisha kampuni ya TANWAT, muda mrefu kabla Njombe haijawa mkoa wake mwaka 2012. Walichokitaka ni magamba. Gamba la mwati limejaa tanini, ile dawa inayoigeuza ngozi mbichi ya ng'ombe kuwa ngozi ya viatu isiyooza. Nilikuwa nikiwafundisha hayo wanachuo, tena kwa mfano wa chai ya rangi na msumari wenye kutu, namna vinavyotoa weusi kama wino. Lakini haikunijia kujiuliza tanini ikiingia ndani ya tangi itafanya nini. Nilikata matawi mabichi ya mwati uliokuwa uani, nikayaanika juu ya bati siku tatu, nikapukutisha majani yake madogomadogo, nikayatia. Hayakuwa konzi moja. Yalikaribia nusu debe.

Yule kijana aliniambia, "Mwalimu, samehe, hayo si mengi?" Nikamwambia daftari linasema hivyo. Daftari halikusema hivyo.

Siku ya kwanza maji yalikuwa kama chai, nasi tukapendezwa. Siku ya pili samaki walikuwa wakihema upesi na kujificha pembeni. Asubuhi ya siku ya nne wote tisa walikuwa wamekufa.

Hapa ndipo ninapoona aibu. Katika nchi yetu neno "majani" na neno "samaki" yakikaa pamoja, kinachofuata akilini ni utupa. Wazee wa sehemu nyingi za kusini waliutwanga na kuutia katika vijito, samaki wakaelea juu wamelewa, wakaokotwa kwa vikapu. Sheria ya Uvuvi, Namba 22 ya mwaka 2003, inakataza kabisa kuvua kwa sumu, na sawa. Mimi nilikuwa na samaki waliokufa, maji ya majani, na kijana wa kwa wavuvi mwenye ufunguo wa chumba. Siku chache kabla tulikuwa tumegombana kidogo kuhusu zamu ya shamba. Nikaunganisha. Nikapeleka shauri kwenye kamati ya nidhamu kwamba mwanachuo ametia utupa.

Alijitetea kwa maneno machache nami nayakumbuka yote. Alisema utupa hutwangwa mbichi. Alisema samaki wa utupa hulewa upesi, siku hiyohiyo, hawamalizi siku tatu. Akasema, "Haya maji yananuka ngozi." Watu watano tuliokaa mezani hatukuwa tumewahi kuvua hata dagaa. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa shahidi mwenye ujuzi, naye ndiye aliyekuwa mshtakiwa. Kamati ikamwondoa chuoni.

Novemba mwaka uleule likaja Azimio la Musoma, na taifa likahitaji walimu kwa maelfu ili kila mtoto aingie darasani ifikapo 1977. Nilisikia baadaye kwamba yule kijana aliingia kwa mlango huo, akawa mwalimu wa UPE, akijifunza ualimu huku akifundisha kijijini, kwa daraja la chini na mshahara wake. Wenzake wa mwaka wake walitangulia. Mimi nilipanda, nikahamia Mbeya, nikawa mkuu wa chuo, nikastaafu mwaka 2009. Tangi sikulijaza tena.

Turudi sebuleni. Mjukuu wangu alitia majani mawili tu ya mkungu, na samaki wake akayalalia kama mkeka. Jioni alinieleza asichojua kwamba ananieleza mimi mwenyewe. Alisema majani hupunguza pH taratibu, lakini hufanya hivyo tu katika maji yasiyo na "akiba" ya magadi. Maji ya Ziwa Nyasa yana akiba hiyo, pH yake huwa kama 7.7 hadi 8.6, na samaki wake wameumbiwa maji hayo. Ukiwatilia majani katika maji yao wenyewe, asidi humezwa na magadi na mabadiliko ni madogo. Maji ya mvua hayana akiba yoyote. Halafu akaongeza kwamba majani yawe yaliyoanguka yenyewe, si yaliyokatwa mabichi, kwa kuwa mabichi huoza na kumaliza hewa ya majini.

"Na majani ya miwati?" nilimuuliza.

"Hayo ya kutengenezea ngozi? Babu, nani atie hayo?"

Usiku ule nilifungua sanduku la bati. Daftari lipo. Ukurasa ule wa majani una kichwa cha habari ambacho mwaka 1974 sikukisoma, au nilikisoma nisikijali: kwamba maelezo hayo ni kwa samaki wa Amazon. Na chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kuna vipimo vya litmasi. Kabla ya majani karatasi nyekundu ilikuwa ikigeuka samawati kidogo. Siku ya tatu ya majani, karatasi ya samawati ilikuwa imekuwa nyekundu. Nilikuwa nimeandika ushahidi kwa mkono wangu na kuufunika, kisha nikaenda kukaa kwenye kamati.

Sikutaka kuhukumu tena kwa kukisia. Kesho yake tulichukua mitungi miwili ya maji ya mvua, mmoja tukautia majani ya mwati, mwingine tukauacha. Kwa vile vipande vya karatasi vya mjukuu wangu, mtungi wa pili haukubadilika. Wa kwanza ulishuka siku baada ya siku, ukawa na povu juu na harufu. Niliinamisha pua. Ulinuka ngozi.

Kumtafuta kulichukua wiki tatu, kwa simu za walimu wastaafu. Yuko Kyela, ana wajukuu na mashamba ya kokoa. Nilimwandikia barua na kuambatisha nakala ya ule ukurasa, nikaeleza kila kitu bila kujificha nyuma ya ujana wangu. Alinipigia siku ya Jumapili.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nilishindwa kuitika kwa muda. Kisha nikasema marahaba, nikaanza kuomba radhi, naye akaniacha nimalize.

"Nilijua, Mwalimu," alisema. "Nilijua ni yale majani. Lakini nilikuwa mtoto wa mvuvi, na wewe ulikuwa na daftari." Akanyamaza kidogo. "Unajua hapa kijijini mpaka leo wananiita Utupa? Mashemeji zangu walianza kama utani, hata watoto wa shule wakalishika."

Sikuwa nikijua.

Aliniomba jambo moja tu: ile barua niiandike upya, kwa kalamu, iwe na mhuri, apate kuisoma mbele ya shemeji zake kwenye kikao cha ukoo. Nilimwambia mhuri wa chuo nilishaurudisha tangu 2009. Akacheka, akasema basi sahihi itatosha, ila pawe na shahidi. Niliiandika jioni ile. Shahidi ni mjukuu wangu, aliyeweka jina lake chini ya langu bila kuuliza maswali, kisha akaenda kumlisha samaki wake.