Kumpima Mwanafunzi, Tangu Rungwe hata Chuo Kikuu cha Iringa

Mkulima aendapo sokoni huchukua pishi. Pishi yamwambia wingi wa mahindi, walakini haimwambii kama fukusi wamekwisha kuingia. Ndivyo ulivyo na mtihani. Siku hizi katika Chuo Kikuu cha Iringa vijana husoma saikolojia ya ushauri, yaani elimu ya akili na nafsi ya mtu, wapate kuwasaidia wenye huzuni na fadhaa. Twajuaje ya kuwa kijana wa namna hiyo amejifunza kweli? Swali hili si geni katika nchi yetu ya nyanda za juu. Tumeona vema kufuata nyayo zake.

Mwaka 1891 Wamoravian walifika Rungwe, katika mkoa uitwao leo Mbeya, na mwaka ule ule wamisionari wa Berlin wakajenga jirani nao. Mtu aliyetaka kubatizwa alifundishwa siku nyingi, kisha akaulizwa maswali. Lakini majibu mazuri hayakutosha. Mwenendo wake pia ulitazamwa, nyumbani na kwa jirani zake. Basi kipimo kile kilikuwa na macho mawili: moja la maneno, na moja la matendo.

Shule zilipozidi, jicho la pili lilififia. Karatasi moja yaweza kupima watoto mia kwa siku moja, na cheti kilimfungulia mtu mlango wa ukarani na ualimu. Mwaka 1928 serikali ya Waingereza ilifungua shule Malangali, katika Jimbo la Iringa la zamani zile, chini ya Bwana W. Bryant Mumford. Yeye hakutaka shule iwatenge wavulana na watu wao. Wazee waliitwa kufundisha mila, na ngoma na michezo ya nyumbani ikapewa nafasi. Hata hivyo jaribio lile halikudumu baada yake, na Malangali ikawa shule kama nyingine. Sisi twaona fundisho hapa: kijana aliyetafuta kazi hakuulizwa mila na mtu yeyote, aliulizwa kusoma, kuandika na hesabu. Lisilopimwa husahauliwa, hata likiwa jema.

Miaka ile wataalamu wa saikolojia nao walikuwa wakitafuta vipimo vyao. Alfred Binet wa Ufaransa alikwisha kutunga maswali mwaka 1905, ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Bwana R. A. C. Oliver akatunga mtihani wa akili kwa wanafunzi wa Kenya. Mumford mwenyewe, pamoja na mwenzake, aliandika mwaka 1938 juu ya kulinganisha mataifa kwa mitihani ya namna hiyo. Na sisi tufikiri: mtoto wa Usangu awajuaye ng'ombe wote wa baba yake, kila mmoja kwa rangi yake na mama yake, akishindwa kueleza picha ya kitu asichokiona maisha yake, je, hana akili? Huenda kipimo ndicho kigeni.

Baada ya uhuru swali lilirudi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alionya ya kuwa mtihani hupima kukumbuka mambo, wala haupimi tabia na moyo wa kutumikia. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaagiza kazi za kila siku na mwenendo vihesabiwe pia, na vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Nia ilikuwa njema, walakini jicho la pili lina ugonjwa wake: mkubwa wa kazi aweza kumsifu ndugu yake na kumnyima haki mtoto wa maskini. Karatasi haina mjomba. Sharti lile la kazi halikudumu.

Basi mwanafunzi wa saikolojia apimwe kwa macho yote mawili. Karatasi ionyeshe kama ajua dalili za ugonjwa wa akili na sababu zake. Mazoezi, mbele ya mwalimu aliye macho, yaonyeshe kama aweza kumsikiliza mjane pasipo kumkatiza, na kama atunza siri. Wa kwanza pasipo wa pili atakariri kitabu mbele ya mtu aliaye. Wa pili pasipo wa kwanza ataongoza vibaya kwa upole.

Nanyi wasomaji mna sehemu yenu. Mwanafunzi ajapo kijijini kwa mazoezi, mwalimu wake akiwauliza habari zake, semeni kweli, bila upendeleo wala kijicho. Na mwana arudipo na cheti, furahini kwa alama zake. Kisha mpeni nafasi karibu na aliyefiwa, mtazame afanyavyo.