Gharama za Nchi Kavu katika Safari ya Quaker City, 1867

Mwezi wa Juni mwaka 1867 merikebu ya moshi iitwayo Quaker City iling'oa nanga New York, ikaelekea Bahari ya Kati na Nchi Takatifu. Haikuchukua shehena wala wahamiaji. Ilichukua watu waliotaka kutembea tu, na kwa ajili hiyo huhesabiwa miongoni mwa safari za kwanza za anasa zilizoandaliwa Marekani. Ilirejea tarehe 19 Novemba. Katika abiria wake alikuwamo Samuel Clemens, ajulikanaye zaidi kwa jina la Mark Twain, ambaye nauli yake ililipwa na gazeti la Alta California la San Francisco. Barua alizoliandikia ndizo zilizozaa kitabu chake The Innocents Abroad, kilichotoka mwaka 1869.

Tangazo la safari, ambalo Twain alilinakili kitabuni humo, lastahili kusomwa kwa jicho la mhasibu. Nauli ya mtu mzima ilikuwa dola 1,250. Aliyependa kubaki chomboni katika bandari yoyote aliruhusiwa bila ya kuongeza kitu, na gharama ya mashua za kwenda pwani na kurudi ilikuwa juu ya merikebu. Walakini mguu ukishakanyaga ardhi, mfuko ulikuwa wa mwenyewe: abiria alishauriwa akadirie dola 5 kwa siku, tena za dhahabu. Neno hilo la dhahabu si pambo. Tangu mwisho wa mwaka 1861, kwa sababu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, noti za Marekani zilikuwa hazibadilishwi kwa dhahabu, na hali hiyo ilidumu hata 1879. Mwaka wa safari, dola moja ya dhahabu ilinunuliwa kwa takriban dola 1.40 za karatasi. Nauli ilipokewa kwa karatasi. Nchi kavu ilidai dhahabu. Basi dola 5 za tangazo zilikuwa kama 7 kwa karani aliyeweka akiba ya noti. Naye karani huyo, kusema kweli, hakuwa na nafasi katika safari ile.

Matembezi ya kwanza yalikuwa Fayal, katika visiwa vya Azores, nchi ya Wareno. Huko msafiri mmoja, ambaye Twain amwita Blucher, aliwakaribisha rafiki zake tisa katika karamu ya kufurahia kuiona ardhi tena. Walikula, wakanywa, wakavuta sigara. Hesabu ilipoletwa, uso wa Blucher ulisawijika: vyakula vya watu kumi, reis 6,000, sigara 25, reis 2,500, chupa 11 za mvinyo, reis 13,200. Jumla reis 21,700. Wageni walinyamaza kimya. Mwenyeji, akijiona amefilisika, alitoa dola 150 akaapa kwamba haongezi hata senti. Mwenye hoteli, asiyefahamu neno lolote katika hayo, alikwenda akaleta hesabu iliyofasiriwa kwa fedha ya Kimarekani: dola 21.70. Reis elfu zilikuwa dola moja tu.

Twain alikuwa mcheshi, na mcheshi hutia chumvi. Kitabu chake si daftari la hesabu. Hata hivyo tarakimu za karamu ile zinajumlika sawasawa, na jambo linaloonekana ndani yake ni kweli: wasafiri hawa walishuka pwani wakiwa tayari wameamini kwamba watapunjwa. Imani hiyo iliwagharimu kuliko upunjaji wenyewe. Paris peke yake ilikuwa na haki ya kushtakiwa, maana mwongozi waliyemkodi ili awapeleke Louvre aliwazungusha katika maduka ya hariri, alikokuwa na fungu lake katika kila kinachouzwa.

Kutoka Beirut wasafiri wanane, Twain miongoni mwao, walikwenda kwa farasi. Waliafikiana na mkalimani awape mahema, chakula na wanyama kwa dola 5 za dhahabu kwa siku, kila mtu. Njiani walisumbuliwa na vilio vya bakshishi, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa. Hata wakafika Bahari ya Galilaya. Watu hawa walikuwa wamevuka bahari kuu, na katika mengi waliyoyatazamia hakuna lililowapita kutia miguu yao katika chombo juu ya maji yale. Mashua ikaonekana, wakaiita kwa shauku. Bei ikaulizwa: napoleoni mbili, yaani dola 8, dola moja kwa kila msafiri. Mmoja akasema ni ghali, watatoa napoleoni moja.

Mashua ikageuka ikaenda zake. Wakapiga kelele kwamba watalipa mbili, watalipa chochote. Mabaharia hawakutazama nyuma. Wale wanane wakabaki ufukoni wakilaumiana ni nani aliyetamka neno la kupunguza bei, kisha wakapanda farasi wao wakaifuata njia ya pwani, na mkalimani akahesabu dola zake 5 za siku ile kwa kila mtu, kama ilivyoagana.