Mji Uliobebwa Mabegani

Katikati ya Dar es Salaam, kwenye mzunguko wa Barabara ya Samora, amesimama askari wa shaba, bunduki mkononi, singe ikiwa mbele. Waingereza walimsimamisha mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliohudumu katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kabla yake Wajerumani walikuwa na sanamu yao katika mji huuhuu, ya Gavana Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliing'oa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha miaka ya 1960. Maandishi yaliyo chini ya Sanamu ya Askari, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawataja pia wapagazi waliolibebea jeshi chakula na risasi. Hata hivyo, aliyesimamishwa juu ya mnara ni askari peke yake. Mnara wa Nairobi, uliojengwa wakati uleule kwa sababu ileile, ulimpa mpagazi nafasi kando ya askari. Wa Dar es Salaam haukumpa nafasi hiyo. Upungufu huo unafaa kutazamwa kwa makini, kwa kuwa historia ya mji huu imezoeleka kusimuliwa hivyohivyo: mwenye bunduki, mwenye cheo na mwenye mali huonekana, naye aliyebeba mzigo hutajwa kwa wingi bila sura. Hoja ya makala haya ni kwamba watu mashuhuri wa Dar es Salaam ya kikoloni hawaeleweki mpaka tuwatazame waliowabeba, na kwamba ushahidi wa jambo hilo haujapotea kama inavyodhaniwa.

Tuanze na mwanzilishi. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga bandari mpya miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, katika pwani ya Washomvi na Wazaramo. Alitaka kituo cha kuvuta biashara ya bara, akajenga majumba, akapandisha minazi kwa nguvu za watumwa. Alipofariki mwaka 1870, mrithi wake Barghash hakuuendeleza mradi huo, na majumba mengi yakaanza kubomoka. Kama mji ungekuwa kazi ya mtu mmoja mkubwa, Dar es Salaam ingekufa pamoja naye. Ilibaki kwa sababu kulikuwa na wavuvi, wakulima na wachuuzi ambao maisha yao hayakutegemea kasri. Mfano wa pili ni Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo, ambaye mali yake ilijenga hospitali iliyoitwa kwa jina lake Dar es Salaam, na jina hilo lipo katika hospitali ya Muhimbili hadi leo. Ukarimu wake ni wa kweli na haufai kubezwa. Lakini tukiuliza mali hiyo ilitoka wapi, jibu linatupeleka kwenye misafara: Sewa Haji, aliyefariki mwaka 1897, alitajirika kwa kuwapatia wasafiri na wafanyabiashara bidhaa na wapagazi wa kwenda bara, wengi wao Wanyamwezi waliotembea miezi mingi wakiwa na mizigo vichwani na mabegani. Msingi wa hospitali ile, basi, ulianza kubebwa njiani kabla haujachimbwa mjini.

Wajerumani walipoweka kituo mwaka 1887 na kuuhamishia mji huu makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walianza kugawa ardhi kwa kipimo cha nyumba. Majengo ya mawe ya mtindo wa Kizungu yaliwekwa mashariki, maduka na nyumba za Wahindi katikati, na nyumba za udongo na makuti zikasukumwa magharibi. Waingereza waliurithi mpango huo na kuukaza miaka ya 1920 kwa kugawa mji katika maeneo matatu na kuacha uwanja mpana wa Mnazi Mmoja uwatenge Waafrika na wengine. Sheria haikutaja rangi waziwazi, ilitaja aina ya ujenzi. Lakini wenyeji hawakudanganyika, wakayaita maeneo hayo kwa majina yaliyosema ukweli: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Ng'ambo ya Mnazi Mmoja ndipo Waingereza walipoweka kambi ya kikosi cha wapagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita hiyo ilipiganwa katika nchi isiyo na barabara, yenye mbung'o waliowamaliza wanyama wa kubeba mizigo, kwa hiyo jeshi lilisafiri juu ya vichwa vya watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Waliokosa sanamu wakapata mtaa.

Uzito wa jina hilo unaonekana likilinganishwa na majina yaliyotolewa na wakubwa. Barabara kuu ya Uzunguni ilipewa na Wajerumani jina la miti ya akasia, Waingereza wakaitafsiri kuwa Acacia Avenue, baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, na leo ni Samora. Kila utawala ulifika na kibao chake. Kariakoo haikuhitaji kibao. Ilipita kutoka utawala mmoja hadi mwingine kwa vinywa vya watu. Vivyo hivyo nyumba zake. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele na uani nyuma, ilienea mtaa hata mtaa bila kuchorwa na mhandisi wa serikali. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki kwa wageni wa kila kabila, na miongoni mwa wenye nyumba hao walikuwamo wanawake waliojiwekea akiba. Ndani ya ukumbi mmoja Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mngoni walichangia jiko, choo na habari. Siasa ya baadaye iliyowakataza watu kujitenga kwa makabila haikuanzia kwenye hotuba. Ilikuwa tayari imezoewa uani.

Bandarini ushahidi ni mkali zaidi. Makuli wa Dar es Salaam waliajiriwa kwa siku, wakasubiri asubuhi kuitwa, na wakarudi mikono mitupu meli zilipokosekana. Ajira hiyo ya kubahatisha ilimfaa mwajiri, lakini nayo iliwapa makuli silaha: mtu asiye na mkataba hana cha kuogopa kupoteza zaidi ya siku moja. Mwaka 1939 vibarua waligoma. Mwaka 1943, katikati ya vita nyingine na bei za vyakula zikiwa zimepanda, waligoma tena, safari hii pamoja na wenye ajira ya kudumu. Serikali ikawakamata wengi na kuwaondoa mjini. Septemba 1947 mgomo ulianza bandarini, ukaingia kwenye reli na kazi nyingine za mjini, kisha ukafuata njia ya reli hadi miji ya bara. Mishahara ikapanda, na chama cha makuli kikaundwa, Abdulwahid Sykes akawa katibu wake. Hapa mashuhuri na makuli wanakutana waziwazi. Babu yake Abdulwahid aliletwa na jeshi la Wissmann kutoka Msumbiji. Baba yake, Kleist, alipigana upande wa Wajerumani, akafanya kazi reli, akawa mwanzilishi na katibu wa African Association mwaka 1929, chama kilichojijengea ofisi New Street, pembeni mwa Mnazi Mmoja. Katika jengo hilo chama cha siasa cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, Abdulwahid akiwa miongoni mwa waasisi wake. Ndani ya vizazi vitatu askari wa kukodiwa amezaa mtu wa siasa, na daraja kati yao ni kazi ya reli na bandari.

Kulikuwa pia na watu wa katikati, wasio wakubwa wala wanyonge kabisa. Erica Fiah alitoka Uganda, akafungua duka, mwaka 1934 akaanzisha chama cha ustawi na biashara cha Waafrika, na mwaka 1937 akaanza kuchapisha gazeti la Kwetu. Serikali ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Mambo Leo, tangu 1923. Fiah alitaka lisilo la serikali. Aliweza kuyasema aliyoyasema kwa sababu alisimama nyuma ya meza ya duka ambako malalamiko ya bei na mishahara huletwa kila siku pamoja na senti. Miaka ya 1950 jambo hilohilo lilitokea kwa wanawake. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi, nao wakamwendea Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Hakuanza na ofisi wala risala. Alipita kwenye vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, michango, sare na desturi ya kuzikana, na ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 wakawa wamejiunga. Leo barabara kubwa inayopita kando ya Mnazi Mmoja inaitwa Bibi Titi Mohamed, na ni haki yake. Lakini jina hilo moja limebeba ndani yake Bomba, Roho Mgeni, Egyptian na vikundi vingine ambavyo havina barabara.

Msomaji makini atapinga. Atasema kwanza kwamba historia huandikwa kwa hati, na hati hazikuwataja makuli; kuwasemea ni kubuni. Pingamizi hili lina nguvu, na dawa yake ni kutobuni. Hatuna sababu ya kumvika kuli jina la kutunga au maneno ambayo hakuyasema. Tuna majina ya mitaa, ramani za nyumba, tarehe za migomo, na hofu ya serikali iliyoandikwa katika taarifa zake zenyewe. Hivyo vyatosha kuonyesha nguvu yao hata kama sura hazionekani. Atasema pili kwamba bila kiongozi umati hauendi popote. Mwaka 1943 unamjibu: waliokamatwa waliondolewa, na miaka minne baadaye mgomo mkubwa zaidi ukazuka mahali palepale. Kilichobaki bandarini baada ya viongozi kuondoka kilikuwa ujuzi wa pamoja wa watu waliokwisha kugoma mara mbili. Upande wa pili wa jibu, ni kweli kwamba ujuzi huo ulihitaji katibu wa kuuandikia barua. Ndiyo maana Abdulwahid ana nafasi yake. Tatu, atasema tusiwatakase wanyonge, kwa kuwa askari waliochapa viboko nao walikuwa watu wa kawaida, na mwenye nyumba aliyepandisha kodi alikuwa jirani. Hilo ni sahihi, na linaimarisha hoja badala ya kuibomoa. Kumpa mtu wa kawaida nafasi katika historia ni kukubali kwamba alikuwa na uchaguzi, na mwenye uchaguzi huweza kukosea.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyekaa mbali na mzigo huuona mwepesi, na historia iliyokaa karibu na kasri, ofisi ya gavana na jukwaa la mkutano imeuona hivyo mzigo wa Dar es Salaam. Kati ya sensa ya 1948 na ya 1957 mji uliongezeka kutoka watu 69,000 hivi hadi karibu 129,000. Wengi mno kati yao hawakuacha picha wala barua. Watoto na wajukuu wao wapo Kariakoo, Ilala, Magomeni na Keko, na masandukuni mwao kuna kadi za TANU, stakabadhi za kodi ya kichwa, hati za viwanja na vitambulisho vya bandari. Kila nyumba ya vyumba sita inapobomolewa kupisha ghorofa, vitu hivyo hutupwa pamoja na udongo. Mwenye navyo avitunze, avinakili, na aandike nyuma yake jina kamili la aliyevimiliki.