Mama Yako Anaitwa Nani? Safari ya Swali la Benki Hadi Usukumani

Tarehe 27 Desemba 2019, Rais John Magufuli alisajili laini yake ya simu kwa alama za vidole akiwa nyumbani Chato, mkoani Geita. Hapohapo akawaongezea wananchi siku 20 juu ya ukomo wa tarehe 31, hivyo laini zisizosajiliwa zikapewa muda hadi Januari 20, 2020. Foleni zilikuwa ndefu nchi nzima. Ila katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Kakola mpaka Katoro na Nyarugusu, kuzimiwa laini ilikuwa habari nzito zaidi. Mchimbaji mdogo anayelala kwenye turubai kando ya duara, yaani shimo la kuchimbia, hana benki nyingine zaidi ya simu yake. Humo ndimo anamolipwa mgawo wake na humo ndimo anamopitishia hela ya nyumbani.

Usajili ule ulihitaji namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa. Wengi walikuwa wameshaandikishwa lakini kadi hazijawafikia, kwa hiyo mamlaka ikaweka kwenye tovuti yake ukurasa wa mtu kujitafutia namba. Ukurasa uliuliza jina la kwanza na la mwisho la mwombaji, tarehe yake ya kuzaliwa, kisha jina la kwanza na la mwisho la mama yake. Ukijibu sawasawa unapewa namba yako yenye tarakimu 20, ambazo nane za mwanzo ni tarehe ileile ya kuzaliwa. Jina lako linajulikana na kila anayekufahamu, na siku yako ya kuzaliwa imeandikwa kwenye vyeti vyako vya shule na kadi ya bima. Mzigo wote wa siri ukabaki kwa mama.

Swali hili la jina la mama halikuzaliwa Usukumani, kwenye ukanda huu wa dhahabu. Lilizaliwa mjini, tena kwa wageni. Mwaka 1850 ilifunguliwa New York benki ya akiba ya Emigrant, ikiwahudumia hasa Waayalandi waliokimbia njaa kwao. Wateja wengi hawakujua kuandika, na alama ya msalaba kwenye karatasi inaweza kuwekwa na yeyote. Makarani wakawa wanaandika kwenye daftari maalumu habari za kila mwenye akiba: kwao ni wapi, alikuja na meli gani, wazazi na ndugu zake ni akina nani. Akija kutoa fedha na karani akamtilia shaka, anaulizwa. Mwaka 1906 mkuu wa benki ya Eutaw ya Baltimore, William Hayden, aliwaeleza wenzake kwamba benki yake nayo, zaidi ya sahihi, iliweka kumbukumbu ya mahali pa kuzaliwa, umri, kazi, na jina la mama kabla hajaolewa.

Kwa wakati wao, ulikuwa ulinzi wenye akili. Yule mama alibaki ng'ambo ya bahari, au alikwishakufa. Kwa desturi yao alipoolewa aliacha jina la ukoo wake akachukua la mume, na hapo Baltimore hapakuwa na jirani aliyemjua kwa jina la usichana. Swali lilisimama juu ya mambo mawili: mama awe amebadili jina, na jirani asijue.

Usukumani yote mawili hayapo. Mwanamke aliyeolewa Shinyanga haachi jina la baba yake. Atabaki Ng'wana fulani, binti wa fulani, hadi uzeeni, na wazee wa kijiji alikozaliwa wanajua ng'ombe wangapi walitoka upande gani siku ya mahari yake. Ilikuwa lazima wajue. Hans Cory, aliyekusanya sheria za Kisukuma katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, alieleza jinsi ukoo wa mtoto ulivyotegemea mahari: ikilipwa, watoto ni wa upande wa baba, isipolipwa, ni wa kwa mama yao. Kwa sheria hiyo, jina la babu mzaa mama haliwezi kuwa siri. Ni ushahidi, na ushahidi hutunzwa kwa kusemwa mbele za watu.

Kisha mama yuleyule ana majina mengine. Akijifungua mapacha, watoto ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija; mama mwenyewe, tangu siku ya mapacha, mtaa mzima unamwita Mama Kulwa. Akibatizwa anaongezewa Maria au Rebeka. Mapadri wa White Fathers walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1883, na wao na wamisheni waliowafuata walifungua madaftari ya ubatizo yenye jina la mtoto, la baba na la mama. Kwa familia nyingi za kanda hii, daftari hilo ndilo lilikuwa maandishi ya kwanza yaliyomtaja mama. Stakabadhi ya kodi ya mkoloni haikuwa na haja naye.

Yasiyoandikwa yalitangazwa. Msomaji wa umri wangu anakumbuka matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam, yaliyotaja marehemu, ndugu zake, na mahali anakoishi kila mmoja, ili habari imfikie aliye mbali. Leo kazi hiyo inafanywa na makundi ya michango kwenye simu. Matangazo ya mirathi nayo hubandikwa mahakamani, na yanapaswa kubandikwa, kwa sababu bila hayo mjane na yatima huporwa. Uwazi huu wa ukoo ni mali yetu, na sipendi kusikia ukilaumiwa. Lawama ni ya waliochukua jambo linalotajwa msibani wakaligeuza neno la siri.

Hata huko swali lilikotoka limeshachoka. Mwaka 2005, Virgil Griffith na Markus Jakobsson wa Chuo Kikuu cha Indiana walichukua kumbukumbu za wazi za vizazi na ndoa za jimbo la Texas, wakaonyesha kwamba jina la usichana la mama lingeweza kupatikana kwa watu zaidi ya milioni 4 bila kumuuliza hata mmoja. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo usiotambua tena maswali ya aina hii kama njia ya kumthibitisha mtu.

Kwetu kuna dhara jingine, na linaniuma kuliko la wizi: swali linamkataa mwenye haki. Kompyuta hulinganisha herufi. Mwandikishaji aliandika Ngwandu, mtoto anajibu Ng'wandu. Karani aliandika Maria, nyumbani mama ni Kabula. Kijana aliyelelewa na bibi, akaondoka Maswa akiwa na miaka 15 kufuata rashi ya dhahabu, huenda hajui ni jina lipi la mama lililoingia kwenye fomu. Tapeli aliyewahi kuiona fomu hiyo analijua.

Alama ya vidole ililetwa kutibu ugonjwa huu, lakini anayeponda mawe na kushika nyundo mwaka mzima hufika kwa wakala na vidole vilivyosagika. Mashine ikigoma, watu wanarudi kwenye maswali. Anayegongeshwa kidole mara nne kwenye meza ya wakala chini ya mwavuli ana sababu ya kupiga *106# kabla hajaondoka, aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yake ya NIDA, isije mojawapo ikawa si yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Inawadai wanaokusanya taarifa wazilinde, na hilo ni jema. Ila jina la mama halilindiki kwa kufichwa. Linatakiwa kuondolewa kabisa kwenye orodha ya vithibitisho, libaki kuwa kumbukumbu ya uzazi.

Na kumbukumbu hiyo sasa inaongezeka. Mwaka 2017 RITA, wakala wa usajili wa vizazi, ilipeleka Geita na Shinyanga mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano bila malipo, vyeti vikitolewa kwenye zahanati na ofisi za kata, na taarifa zikitumwa makao makuu kwa simu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule atafikisha miaka 18 mwaka 2035 na kwenda kuomba kitambulisho cha taifa. Cheti chake, chenye jina la mama yake, kitakuwa kimeshapita shuleni, hospitalini, na kwenye kila duka la kutoa kopi.