Jaa, Kabati na Mkebe: Dubu Weusi na Wageni wa Yosemite

Historia ya usalama wa wasafiri mbele ya dubu weusi katika Hifadhi ya Taifa ya Yosemite, iliyoko kwenye milima ya Sierra Nevada katika jimbo la California nchini Marekani, ni historia ya chakula cha binadamu na mahali kilipowekwa kuliko ilivyo historia ya ukali wa mnyama. Dubu aina ya grizzly, aliye mkubwa na mkali zaidi, alikwisha kuangamizwa California katika miaka ya 1920, akabaki dubu mweusi, ambaye licha ya jina lake mara nyingi huwa na manyoya ya kahawia. Mnyama huyu huishi kwa majani, matunda ya vichakani, mbegu za mialoni na mabuu ya wadudu, na kabla ya usingizi mrefu wa majira ya baridi hula karibu bila kupumzika ili ajiwekee mafuta mwilini. Kwa kuwa ana pua kali na hukumbuka alikoshibia, uzembe wa mgeni mmoja huweza kuwaponza wengine wanaomfuata.

Hifadhi hiyo ilipoanzishwa mwaka 1890, na hata baada ya kuundwa kwa Idara ya Hifadhi za Taifa mwaka 1916, kumwona dubu kulihesabiwa kuwa burudani. Katika miaka ya 1920 mabaki ya chakula yalimwagwa kwenye majaa yaliyowashiwa taa jioni, na watalii wakaketi kutazama dubu wakila. Maonyesho hayo yalikoma mwaka 1940, lakini majaa yenyewe yaliendelea kutumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa muda wote huo dubu walikuwa wakifundishwa mambo mawili ambayo wataalamu huyatenganisha: kuwazoea watu, yaani kupoteza woga wa asili, na kuzoea chakula chao, yaani kumhusisha binadamu na shibe. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na hapa taabu hiyo ilimwangukia zaidi dubu, kwa sababu aliyezidi usumbufu alihamishwa, mara nyingi akarudi, na hatimaye akauawa.

Majaa yalipofungwa, njaa iliyokuzwa na takataka haikufungwa pamoja nayo, bali ilihamia kambini na kwenye maegesho. Wapanda milima walining'iniza vyakula kwa kamba juu ya matawi, lakini dubu walijifunza kukata kamba hizo, na wengine wakawa mahiri wa kung'oa milango ya magari kwa makucha. Mwaka 1998 yaliandikwa matukio zaidi ya 1,500, na hasara ikapita dola 650,000.

Kuanzia mwaka 1999 Bunge la Marekani lilitenga fedha maalumu kwa ajili ya tatizo hilo, na mkazo ukahamishwa kutoka kwa dubu kwenda kwa mgeni. Makabati ya chuma yenye komeo lisilofunguka kwa makucha yaliongezwa kambini, doria za usiku zikaimarishwa, na wanaolala porini wakatakiwa kubeba mkebe wa plastiki ngumu, wenye uzito wa takriban kilo moja, ambao dubu hawezi kuufungua wala kuuponda. Hata sabuni na dawa ya meno huhesabiwa kuwa chakula, kwa kuwa harufu yake humvuta dubu vilevile. Anayekutana naye njiani hutakiwa kubaki umbali wa mita 45 hivi, asikimbie, wala asisimame kati ya mama na watoto wake. Dubu akiingia kambini, watu husimama pamoja na kupiga kelele hadi aondoke.

Matukio yamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 1998, bila dubu kubadilishwa tabia yake ya asili, kwani kilichobadilishwa ni mwenendo wa watu. Hata hivyo kazi hiyo haijakamilika: tangu mwaka 1995 zaidi ya dubu 400 wamegongwa na magari barabarani humo, na kwa sababu hiyo kanuni za usalama zilizotungwa kumlinda mgeni sasa zinajumuisha pia mwendo wa gari lake.