Pumziko la Kwihara

Yeyote aendaye Kitete leo, penye hospitali ya mkoa wa Tabora, hukanyaga ardhi ambayo zama za misafara ilikuwa katika nchi ya Unyanyembe, kituo kikuu baina ya Bagamoyo na Ujiji. Na hapa ndipo mpagazi, baada ya takriban miezi mitatu ya kuchukua begani mzigo uliokaribia frasila mbili, yaani ratili 70, na baada ya kuivuka Ugogo yenye kiu na hongo, alipotua mtumba wake, akapokea posho, akalala bila kuhofu kuamshwa alfajiri na sauti ya kirangozi, kiongozi wa msafara. Uchovu katika njia ile haukuwa aibu ya mtu. Ulikuwa gharama ya biashara, ukihesabiwa kama merikani na shanga zilivyohesabiwa.

Tarehe 18 Februari 1872 waliingia Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini Tabora, Daktari David Livingstone na mwandishi wa habari Henry Stanley. Livingstone alikuwa amechoka kwa namna isiyoponywa na chakula wala usingizi: mnamo Julai 1871 aliwaona kwa macho yake watu wa Nyangwe wakipigwa risasi sokoni na wafanyabiashara wa watumwa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza samaki na vyakula, naye akarudi Ujiji amekonda, hana mali, na bidhaa alizoletewa zimekwisha kuuzwa na aliyewekewa amana. Stanley akaondoka Machi 14 kwenda pwani kumtafutia watu, maana vita vya mtemi Mirambo na Waarabu vilikuwa vimewafanya wapagazi kuwa adimu. Mzee akabaki katika tembe moja pale Kwihara miezi mitano, akingoja.

Siku tano baada ya kuagana na mwenziwe alitimiza umri wa miaka 59, na katika shajara yake ya siku hiyo alijitoa upya kwa Yesu, nafsi yake yote, akamwomba Mungu amjalie kuimaliza kazi yake ya kutafuta chanzo cha Nile kabla mwaka haujaisha. Dua hiyo haikujibiwa kama alivyoiomba, kwani hakumaliza, na mto wa Lualaba alioushuku kuwa mwanzo wa Nile ni wa Kongo. Wala mimi siwaafiki wale wanaoisoma siku ile kana kwamba malaika alishuka Kwihara. Yaliyofuata ni mambo madogo tu: alitengeneza jibini ya safari, ambayo ilielekea kuchachuka kwa vile maziwa hayakawii kuharibika katika joto la huko, aliwatazama ndege wakilisha makinda, Jumapili alisali. Na ilipofika Mei 1 alikamilisha barua kwa gazeti la Marekani, akimwombea baraka kila atakayesaidia kukiponya kidonda cha biashara ya watumwa, awe Mmarekani, Mwingereza au Mturuki. Kwa mtu aliyekwisha kuyaona ya Nyangwe, kuweza kuwaombea wengine heri si nguvu haba.

Agosti 14 waliwasili watu 57 kutoka pwani, na miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyeokolewa utumwani akasomeshwa na wamisionari huko Nasik, Bara Hindi. Agosti 25 msafara ukashika njia ya kusini. Mapema Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, watumishi wake Susi, Chuma na wenzao wakamkuta bwana wao amekufa, naye yu magotini kando ya kitanda.

Hapa ndipo kisa hiki kinapokuwa chao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, Jacob akasoma ibada ya maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakajitwika. Walipofika Unyanyembe mwezi wa Oktoba, baadhi yao wakiwa wamekwisha kufa njiani, walimkuta Luteni Cameron aliyetumwa kumsaidia Livingstone, naye akawashauri wamzike papo hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa na hatari na wenyeji huchukia maiti kupitishwa katika nchi yao. Ushauri ulikuwa wa busara. Waliukataa.

Pale Kasekera, mbele katika njia ya pwani, Daktari Dillon wa msafara wa Cameron, aliyedhoofishwa na homa na kuhara, alijitoa uhai. Nami namtaja kwa huruma, maana dhiki ile haikuchagua aliye dhaifu wa imani. Mahali hapohapo wapagazi waliozuiwa kupita walifunga mabua ya mtama kwa mfano wa maiti, wakawatuma wenzao waonekane wakirudi nayo Unyanyembe kuizika, kisha wakaitupa porini. Na maiti ya kweli wakaifunga upya ifanane na mtumba wa nguo, ikapita. Februari 1874 waliifikisha Bagamoyo.

Si haki kusema kwamba wote walioandamana katika mwendo ule walikuwa Wakristo. Chuma alibatizwa Bombay mwaka 1865, na vijana wa Nasik walikuwa na vitabu vyao vya sala. Lakini Susi, aliyeongoza pamoja na Chuma, aliitwa Abdulla, na wengine walikuwa na dini ya wazee wao au ujira tu wa kuwatazamia. Walakini Susi, baada ya kuishi miaka mingi na mambo aliyoyaona, alibatizwa Unguja mwaka 1886, akachagua jina la Daudi.

Jacob, aliyelisindikiza jeneza hadi kanisa la Westminster mnamo Aprili 18, 1874, na kulishika pamoja na wakubwa wa Uingereza, hakupata makuu baadaye. Alifanya kazi huku na huku katika misheni, na mwishowe akairudia ile njia ya bara aliyoijua kwa miguu yake, akahudumu Urambo, magharibi ya Tabora, katika misheni ya London iliyofunguliwa mwaka 1879 katika himaya ya Mirambo yuleyule ambaye vita vyake vilikuwa vimemkawiza Livingstone Kwihara. Alifia huko mwaka 1892.