ALAMA YA AIBU INAWEZA KUGEUKA HESHIMA

Leo tuangalie saa ya mkono, kisha turudi hapa kwetu Lwakhakha.

Kuna saa za Kijerumani ziitwazo A. Lange & Söhne. Bei ya moja inanunua shamba hapa Bungoma. Chini kabisa ya uso wake kuna maandishi madogo: Made in Germany. Leo watu huyasoma kwa fahari, lakini yalianza kama aibu.

Mwaka 1876 Profesa Franz Reuleaux, Mjerumani mwenyewe, alitoka kwenye maonyesho ya Philadelphia akiandika kwamba bidhaa za nchi yake ni za bei rahisi na tena mbovu. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza likapitisha sheria: bidhaa ya kigeni isijifanye ya Kiingereza, ionyeshe ilikotoka. Nia ilikuwa mnunuzi aone neno Ujerumani, aiache dukani.

Alama haikufutwa. Kazi ndiyo iliyoibadilisha maana.

Ferdinand Adolph Lange alifika Glashütte mwaka 1845, mji maskini uliokuwa umeishiwa fedha ya migodini, akaanza na wanagenzi 15. Mpaka leo, ndani ya saa hizo, kile kipande kidogo kinachoshikilia gurudumu la mapigo huchorwa maua kwa mkono. Hakuna viwili vinavyofanana. Saa ikishaunganishwa, hufunguliwa yote, husafishwa, huunganishwa mara ya pili. Anayekuuliza saa ngapi njiani haoni lolote kati ya hayo.

Hata jina lenyewe liliwahi kupotea. Mwaka 1948 serikali ya Kikomunisti iliitwaa kampuni, na jina la Lange likaondoka kwenye saa. Kitukuu wake, Walter Lange, alirudi mwaka 1990 akiwa na miaka 66, akaanza upya. Mwaka 1994 jina likaonekana tena kwenye saa mpya.

Sasa wewe, mpendwa. Waingereza haohao walitupiga alama na sisi. Mwaka 1902 walihamisha upande wetu kutoka Uganda, na baadaye ndugu wa damu moja wakajikuta huyu Mkenya, yule Mganda, mto katikati. Tangu hapo ukisema unatoka Lwakhakha, kuna anayekutazama na kuwaza: mtu wa mpakani, mtu wa magendo.

Labda alama yako ni nyingine. Mtoto wa mlevi. Aliyeachwa. Aliyefeli.

Soma 1 Nyakati 4:9-10. Mama yake Yabesi alimpa jina la huzuni aliyomzalia. Yabesi hakubadilisha jina. Alimwita Mungu wa Israeli, na Mungu akampa alichoomba. Jina lilibaki lile lile, lakini leo tunalitaja tukitafuta baraka.

Nikuambie ukweli kwa upendo: kama jina la magendo limekushika kwa sababu ya mizigo ya usiku, iache mizigo hiyo. Kama limekushika bure, usipoteze nguvu kugombana na midomo ya watu. Fanya kazi safi pale wasipoona. Pima kilo kamili. Rudisha chenji. Omba mlango ukiwa umefungwa. Ukiharibu, fungua yote mbele za Bwana, akusafishe, akuunganishe mara ya pili.

Ni alama gani ulibandikwa? Mtajie Mungu usiku wa leo, kwa jina lake.

Ubarikiwe. Amina.